Vidole Viwili Nilivyomficha Fadhili

Mwalimu wangu,

Salamu nakuletea, ingawa najua huwezi kuziitikia. Ninakuandikia nikiwa chumbani mwako, nimekaa mkekani, na karatasi nimeiweka juu ya bao lako la kuchorea kofia. Mkeo Bi Zena hajambo. Eda aliimaliza salama, magoti bado yanamsumbua, na kila asubuhi hulalamika kwamba sitii iliki ya kutosha kwenye chai. Ufunguo wa chumba hiki alinipa mimi, akaniambia nikitumie mpaka nichoke. Sijachoka. Ila leo sikuja kuchora.

Nimekuja kukwambia kwamba nimekulipizia kisasi. Hukuniomba, na ungalikuwa hai ungalinikataza. Lakini hupo, na hasira yangu ilikosa mtu wa kuizuia.

Wacha nianze na siku ya hitima yako. Fadhili alikuja, yule mtoto wa dadake Bi Zena anayewauzia watalii vinyago na kofia za mashine pale karibu na Ngome ya Yesu. Kanzu imepigwa pasi, udi unanukia, uso umejaa huzuni. Wanaume walikuwa ukumbini wakisoma, sisi wanawake tuko uani na masufuria ya pilau. Nikaingia humu kuchukua sinia. Nikamkuta amechuchumaa, karatasi zako zote zimetandazwa sakafuni, simu iko mkononi, anazipiga picha moja baada ya nyingine. Ukumbini wanaitikia amina, yeye huku anapiga picha. Wala hakushtuka. Akaniambia, "Da Mwanaidi, hebu sogea kidogo, wanitilia kivuli."

Nikasogea, Mwalimu. Hujaoza hata ngozi, mtu anakuibia, na mimi niliyekaa na wewe miaka ishirini na miwili nampisha mwangaza aibe vizuri. Mpaka leo nikikumbuka napata joto masikioni. Nilijiambia huyu ni damu ya mwenye nyumba na mimi ni mwanafunzi tu niliyetoka Majengo, nitasema nini? Nikachukua sinia langu nikatoka.

Haikupita miezi miwili, michoro yako ikaanza kuonekana kwenye simu za watu. Fadhili alikuwa ameitia kwenye programu, akainyoosha mistari, akaipaka rangi. Unaukumbuka ule mchoro uliomchorea Bi Zena mwaka mliooana, ule uliokumalizia masika mazima kwa sababu ulitaka majani yake yapokezane mpaka pale kofia inapoungwa pasionekane? Wewe uliuita Ua la Zena. Yeye ameuita Sultani wa Pwani. Chini yake ameandika "ubunifu wa Fadhili." Watu wakammiminia vidole gumba na nyoyo nyekundu. Mmoja akaandika kwamba alhamdulillahi, hatimaye kazi ya wazee imepata kijana. Kijana! Mtu ana miaka thelathini na tisa na kitambi.

Siku hizi mji wote ni wabunifu. Yule mzee aliyekuwa akiandika mabango ya hoteli za Mwembe Tayari kwa brashi, herufi zimesimama utadhani zimepigwa rula, sasa anauza maji ya chupa. Kadi za harusi anatengeneza shangazi wa bibi harusi akiwa kitandani. Matangazo ya darsa, ya mpira, ya msiba, yote yana maua yale yale pembeni na rangi ile ile ya dhahabu isiyo dhahabu. Nilikuwa nikikuletea vituko hivi ulipokuwa hai, nikitaka ukasirike pamoja nami, nawe ulikuwa hukasiriki. Ulikuwa ukisema, "Waache wachore, Mwanaidi. Nami sikuzaliwa na penseli." Kisha unanikumbusha kwamba ulikuwa karani wa bandarini, kwamba kofia ya kwanza uliichora nyuma ya karatasi za mizigo wakati meli imechelewa, na kwamba wachoraji wa wakati huo walikucheka mpaka wakachoka.

Sawa. Lakini wewe ulikwenda ukakaa miguuni pao. Fadhili alikaa miguuni pa nani?

Na mimi je, nilikuwa nani? Nilikuja hapa nikiwa mshonaji tu, na kofia niliyoiharibu. Niliuacha mstari wako nikafuata wangu kwa kuwa niliona wako umekosea. Ukaitazama ile kofia, ukaigeuza, ukacheka, ukasema, "Ndoo huku, mwanangu, kaa hapa," ukanipa penseli. Nilikuwa natarajia matusi.

Siku ile ile ulinifundisha jambo ambalo lingekuja kunitia katika dhambi hii ninayokueleza. Ulichukua vitambaa viwili vyeupe vilivyolazwa pamoja, ukaniambia nivishone huku nikipitisha nyuzi katikati kama tunavyofanya, na kuyazungushia uzi yale matundu madogo. Ukapima kabla, ukapima baada. Kitambaa kilikuwa kimepungua. Ukasema sindano inakula. Kila uzi unaoingia unavuta kitambaa ndani, na ukanda wa kofia ukichorwa sawa na kichwa, ukimaliza kushonwa hautaingia kichwani. Kwa hiyo unaongeza upana wa vidole viwili.

Ila viwili ni vya mtu wa kawaida. Bi Mishi, mshonaji wako wa Majengo, ulimwongezea vitatu, kwa sababu anavuta uzi kama anayekaza kamba za kitanda. Mimi ulinichorea kidole kimoja na nusu, ukasema mkono wangu una huruma. Ulikuwa ukiuliza kwanza, "Hii atashona nani?" ndipo ukachonga penseli. Hukuchora kabla hujajua mkono. Na wale kina mama wa Majengo hukuwaambia hata siku moja kwamba unawapimia hivyo. Walidhani kofia zinatoka sawa kwa kuwa Mungu kapenda.

Nilikuuliza kwa nini huandiki vipimo hivyo kwenye karatasi zako. Ulisema, "Nikiandika viwili, watamchorea kila mtu viwili." Kwenye karatasi uliandika ukubwa wa kichwa, basi.

Na hizo ndizo karatasi alizozipiga picha Fadhili.

Sasa sikiliza. Mwaka huu familia moja yenye duka la vitambaa hapa Mji wa Kale ilikuwa ikimwoza kijana wao. Wakataka kofia kumi na mbili za mkono, ya bwana harusi na za wanaume wake kumi na mmoja, zote Sultani wa Pwani, kwa kuwa wameiona kwenye simu. Wakamwendea Fadhili. Fadhili hajawahi kumchorea mshonaji hata kofia moja maishani mwake. Akafanya nini? Akaja kwangu.

Akaja humu, Mwalimu, akakaa mahali pako. Hakuuliza, alikaa tu, akaegemea mto wako na kuweka simu juu ya bao. Akanionyesha ukanda alioutengeneza, umenyooka, mzuri, siwezi kudanganya, mzuri. Halafu akauliza, na aliuliza kwa adabu, "Da Mwanaidi, ukanda nauchora sawa na kitwa, sivyo? Hapana cha kuongeza?"

Kwa hiyo hakuwa mjinga kabisa. Alihisi kuna kitu. Swali lilikuwa ndilo, na jibu lilikuwa mdomoni mwangu.

Nikamtazama pale alipokaa. Nikasema, "Sawa sawa na kitwa. Usiongeze hata unywele."

Akanishukuru. Akasema Allah anizidishie.

Kazi ikaenda Majengo, kwa Bi Mishi na wenzake wanne. Miezi minne walishona. Nilikuwa nikipita mlangoni kwao nawaona wameinama barazani, nami najua kinachokuja. Siku moja Bi Mishi alinifuata mpaka hapa, ukanda umeshonwa nusu, ameufunga kwenye leso. Akasema, "Mwanangu, hiki kitwa cha nani? Mato yangu yamekwisha, sioni vyema, lakini hiki ni kitwa cha mtoto."

Mlango ulikuwa wazi pale, ningeweza kuutokea. Ningemwambia asimame, ningemwita Fadhili, kingeharibika kitambaa na aibu ingebaki ya watu wawili. Badala yake nilimwambia, "Shona, Bi Mishi. Mstari ni wa mwenye mstari." Nawe unajua tulivyolelewa katika kazi hii, mshonaji haulizi mara mbili. Akaufunga ukanda wake kwenye leso akarudi.

Siku ya harusi nilikaa dirishani juu na Bi Zena. Fadhili alikuwa amechelewesha kofia. Alizifua, akazitia wanga, akazipeleka asubuhi ile ile, na familia ilikuwa imekwisha kuwatangazia watu kuhusu Sultani wa Pwani, wangerudi nyuma vipi? Baada ya Alasiri msafara ukatokea kwenye kona. Bwana harusi, Mwalimu, Mungu amemjalia kichwa. Ile kofia ilikaa utosini kama kifuniko cha birika. Aliishika kwa mkono njia nzima, na mkono wa pili ameshika jambia, kwa hiyo hakuwa na mkono wa kusalimia watu. Nyuma yake wale kumi na mmoja wanatembea shingo zimekakamaa, wanaogopa kutikisika. Mmoja ameibana yake kwa vibanio vya nywele. Mwingine ilimwanguka, akaiokota, akaipangusa, akaiweka tena, ikaanguka tena. Watu barazani wakajaribu kujizuia, wakashindwa. Bi Zena akaniuliza, "Mbona wamevaa vikombe?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sioni haya kukwambia. Nilicheka kwa kila picha aliyoipiga siku ya hitima yako, kwa jina la mkeo alilolifuta, kwa huo mto aliouegemea. Nilijiona nimekuzika upya, safari hii vizuri. Usiku ule nililala kama mtoto.

Nilidhani imekwisha. Nilimsubiri Fadhili aaibike.

Fadhili hakuaibika. Siku ya tatu alijirekodi kwenye simu yake, amekaa nyuma ya meza, ameshika kofia moja. Akasema mchoro hauna kasoro, umepimwa kwa kompyuta, na yeyote anayetaka aupime mwenyewe. Akasema tatizo ni mikono. Kina mama wazee wa Majengo, anawaheshimu kama mama zake, lakini wanavuta uzi ovyo na hawawezi vipimo vya kisasa. Akaigeuza ile kofia ndani nje ili watu waone jinsi uzi ulivyokazwa. Nikaitambua. Ilikuwa ya Bi Mishi.

Watu wakaamini, kwa nini wasiamini? Mwanamke mmoja aliyekuwa amempelekea Bi Mishi kitambaa cha kofia ya mwanawe alikwenda akakichukua. Mwingine naye akakichukua chake. Wale wenzake wanne wameanza kulaumiana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja anauangalia uzi wa mwenziwe. Na juzi Bi Mishi alikuja kumwamkia Bi Zena, akapita humu kunisalimu. Hakuwa na sindano. Miaka yote niliyomjua yule mama hakosi sindano kifuani kwenye nguo yake. Akakaa, akaitazama mikono yake, akasema, "Labda mkono ushaniharibikia zamani, mwanangu. Labda Mwalimu alikuwa akinisitiri tu."

Nilitaka ardhi inimeze. Kwa sababu ni kweli, ulikuwa ukimsitiri, vidole vitatu, kila kofia, miaka yote, na wala haikuwa aibu, ilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Ndiyo tofauti yako na wao wote wenye simu. Na yeye ameigeuza kuwa dhambi yake, na mimi nimekaa mbele yake, najua, nimenyamaza. Akaenda zake.

Nilimlenga Fadhili nikampiga Bi Mishi. Sina njia nyingine ya kuisema.

Tangu hapo nimekuwa nikibishana na wewe. Nakwambia Fadhili ndiye aliyemsingizia, si mimi. Unanijibu nani alimwambia ashone. Nakwambia Fadhili ni mwizi. Unanijibu mwizi aliuliza swali akapewa uongo, na uongo huo ulitoka chumbani mwangu. Humu hajawahi mtu kuuliza kitu akadanganywa. Yule bwana wa Lamu aliyekuja akasema wazi anataka kufungua kazi kama yako, ulimwonyesha kila kitu na chakula cha mchana ukampa. Mimi nilikasirika, wewe ukaniambia nikamletee maji ya kunawa. Basi nimekuwa mtu wa kwanza kuficha kitu katika chumba hiki. Hata Fadhili hakuficha, alipiga picha mchana kweupe.

Lakini usidhani hasira imeniisha. Haijaisha hata chembe. Ukinirudisha kwenye dirisha lile nitacheka tena. Ninachojutia ni yale maneno mawili matatu niliyomwambia Bi Mishi.

Kwa hiyo nimeamua. Ijumaa baada ya Alasiri Bi Zena amewaita watu uani. Nimemwomba awaite, sikumwambia kwa nini. Watakuja wale kina mama watano, atakuja mama wa bwana harusi, na atakuja Fadhili, kwa sababu mama yake mdogo akimwita hathubutu kukataa. Nitasimama niseme mbele yao wote kwamba Fadhili aliniuliza na mimi nilimdanganya. Kwamba Bi Mishi aliona na mimi nilimnyamazisha. Kwamba mikono yao haina kosa, na nitaeleza vidole vyako, vya kila mmoja kwa jina lake, mpaka wajue kwamba kulikuwa na mtu aliyeijua mikono yao kuliko wao wenyewe.

Najua itakavyokuwa. Mama wa bwana harusi hatanisalimu tena. Mji utasema Mwanaidi ana kijicho, amewaharibia watu harusi. Fadhili atajiona ameoshwa. Na Bi Zena, Mwalimu, yule ni mtoto wa dada yake. Huenda akanyoosha mkono akaniomba ufunguo. Ndiyo maana nimekaa humu leo tangu asubuhi nikiangalia kuta. Pahali pengine pa kuchorea sina, na wala sipataki. Nikitolewa humu sijui nitakuwa nani.

Nitasema hata hivyo. Sitaki Bi Mishi afe akidhani alikuwa akibebwa.

Ila nikishasema yangu, nitasema na yake. Nitamwambia Fadhili mbele ya mama yake mdogo kwamba huo mchoro ni Ua la Zena na jina hilo limekaa pale kwenye kigoda, aliangalie. Alirudishe. Halafu nitamwambia kwamba nimekuja kumpa kile alichokiomba nikamnyima, na kwamba hakipo kwenye picha, hakitoki kwa simu, hakiandikiki. Akikitaka itambidi akae chini Majengo, mbele ya Bi Mishi, autazame mkono wake unavyovuta, siku baada ya siku, kofia baada ya kofia, mpaka aweze kuniambia anakula vidole vingapi bila kupima. Kisha aende kwa mama wa pili. Huyo mama aliyemsingizia mbele ya watu ndiye atakayekuwa kitabu chake, na atamwamkia kila asubuhi kabla hajakisoma.

Akikataa, kila mtu uani ataona kwamba hajui na hataki kujua. Akikubali ndiyo nitafurahi zaidi. Maana kila atakapoongeza kidole kwenye ukanda atakuwa anafanya ulichokifanya wewe, kwa njia yako, na mtu akimuuliza amejifunza wapi hatakuwa na jina lingine la kutaja. Ataandika "ubunifu wa Fadhili" na mkono wake mwenyewe utamsuta. Nimetafuta adhabu inayomfaa mwaka mzima na sikuona kubwa kuliko hiyo.

Mwalimu wangu, karatasi inaniishia, na Bi Zena ananiita chini, nadhani ni hiyo iliki. Mola akunawirishe kaburi lako na akupe kivuli siku isiyo na kivuli. Ninakuahidi mambo mawili. Bi Mishi atashona tena, hata kama ni lazima nimchoree nikiwa nimekaa barabarani. Na Fadhili atakuwa mwanafunzi wako, apende asipende, na mimi ndiye nitakayemsimamia.

Kumsamehe sikusema. Nimesema nitamfundisha.

Wako,
Mwanaidi